Siku Nane kwenye Nyumba ya Maji Moto

Mimi sikusoma, niseme mapema. Nilifika darasa la pili, mwalimu wetu akafa kwa homa, nami nikarudi kuchunga ng'ombe wa baba. Lakini waulize watu wa Kalangalala, pale Geita, ni nani aliyekuwa wa kwanza mtaani pale kununua lori, tena lori lililotoka jeshini baada ya vita, likiwa bado na rangi ya majani. Waulize ni nani aliyeezeka bati nyumba ya vyumba sita wakati makarani wanalala chini ya nyasi. Nilianza mgodini kwa kubeba mawe kichwani. Nikapanda, nikapanda, mpaka nikawa fundi wa baruti, mtu ambaye bwana mkubwa mwenyewe humwuliza, "Hapa tutoboe wapi?" Miaka kumi na moja nilipasua miamba chini ya ardhi, na vidole vyangu kumi ninavyo vyote. Watafute mafundi baruti wa siku zile, uhesabu vyao.

Naanza na hayo kwa sababu yote nitakayosimulia yametoka humo humo.

Nilikuwa na mke, na tulikuwa na mtoto mmoja wa kike. Alipofika umri wa kukimbilia lori kila linapoingia uani, alishikwa na surua. Mimi nilikuwa nimepeleka pamba Shinyanga na mvua ilikuwa imekata njia. Mke wangu alimfunga mgongoni akatembea naye tangu alfajiri hadi jioni kufika zahanati. Kesho yake akatembea naye tena kurudi, na mtoto amekwisha kufa, bado kamfunga mgongoni. Tangu siku ile mgongo wa mke wangu haukunyooka. Alitembea kama mtu anayetafuta sindano chini.

Mimi nilifika siku ya tatu. Habari nilizipata njiani, nikapitia dukani, nikapakia saruji. Kaburi nililijenga kwa mikono yangu mwenyewe, nikalilainisha mpaka likawa kama sahani, na watu walitoka mbali kuja kulitazama, maana kwetu kaburi la saruji walikuwa nalo mapadri tu. Niliona nimefanya jambo. Nilipomaliza kulisugua niliingia ndani kumwita mke wangu aje aone, nikakuta kitanda kimetandikwa vizuri na sanduku lake halipo. Alikuwa amekwenda kwa mama yake.

Msimu mzima wa pamba ukapita. Nilituma wazee, nikatuma shangazi, nikaenda mwenyewe na vitenge. Mwisho alinitumia jibu kupitia mjomba wake. Alikuwa amesikia habari za maji moto yaliyokuwa ng'ambo ya Kharumwa, ambako watu wa mifupa na migongo walikwenda kukaa na kuoga. Alitaka tuende huko siku kumi, yeye, mimi na mama yake. "Siku ya kumi na moja," alisema, "nitajua kama napanda gari kwenda Geita au narudi kwa mama." Na utingo nisimlete. Hakutaka macho ya watu.

Nilikubali kabla mjomba hajamaliza kusema.

Sasa, kwetu Wasukuma, na hasa kwa watu wa zamani kama yule mama, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawasemezani. Neno likiwepo, linapita kwa mke. Kwa hiyo mama mkwe alipanda nyuma ya lori, juu ya magunia, akajifunika khanga kichwa kizima, na mke wangu akakaa naye. Barabara ilikuwa ya mashimo. Nikasikia sauti kutoka nyuma:

"Mwambie huyo mwenye gari mimi si gunia la pamba."

Mke wangu akanigongea bati la kichwa cha gari. "Mama anasema yeye si gunia la pamba."

"Mwambie mama shimo sikulichimba mimi."

"Anasema shimo hakulichimba yeye."

"Mwambie basi asiyatafute yote. Mengine awaachie wenzake."

Hapo mke wangu alicheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu msiba. Nakiri hapa kwamba mashimo mawili matatu yaliyofuata niliyaendea kwa makusudi.

Nyumba ya maji moto haikuwa nyumba moja. Ilikuwa boma la matete, ndani yake vibanda saba vya nyasi vilivyofagiliwa mpaka udongo unang'aa, na nyuma yake mwamba mweusi. Katika mwamba palikuwa na ufa usiozidi upana wa kiganja, na humo ndimo maji yalimotoka yakifuka moshi na kunuka kama yai bovu. Hilo waliliita jicho. Chini yake palikuwa na birika lililochongwa zamani, la kutosha watu wanne kukaa mpaka shingoni.

Mwenyeji alikuwa mama wa Kizinza, mjane, mwembamba, kiko mdomoni. Alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Viatu."

"Viatu hivi mama ni ngozi tupu, vimetoka Nairobi."

"Vitakaa na wenzake." Akanionyesha ubao wenye makatambuga na ndara zilizokatika. "Na saa ya mkononi. Na hiyo kofia."

Kila mgeni alipewa kaniki moja nyeusi, mwanamume kwa mwanamke, tajiri kwa maskini, ukajifunga hiyo siku zote za kukaa kwako. Kabla ya kuingia birikani ulijisugua kwanza kwa maji baridi ya kibuyu mpaka mama mwenyeji aseme basi. Ndani ya maji hakuna kupiga kelele. Chakula kililetwa mlangoni pa kibanda chako, ugali wa mtama, dagaa, maziwa ya mgando, naye mwenyewe alipiga magoti kukiweka, akangoja uonje ndipo aondoke. Nimelala katika hoteli za Wahindi Mwanza, nimelala Tabora. Sijawahi kupokelewa vile.

Wanaume tulioga asubuhi, wanawake kuanzia adhuhuri. Nilipotaka kumweleza mwenyeji kwa heshima kwamba nina mama mkwe pale, akanikata.

"Najua. Nimemwona alivyojifunika. Ukitoka wewe birika linafunguliwa, linamwagwa lote, linajaa upya. Kati ya mkwe na mkwe maji hayachangiwi. Wewe ndiye wa kwanza kuja na mkwe unafikiri?"

Jirani yangu birikani alikuwa mzee mmoja fundi cherehani kutoka Nyahanga, Mwislamu mcheshi, miguu imemvimba kwa kukanyaga cherehani miaka mingi. Siku ya kwanza nilikaa majini kidogo, nikatoka. Nikarudi. Nikatoka tena.

"Bwana lori," akaniambia, "huku hakuna gia. Kaa."

"Nimekwisha kuoga mzee."

"Umekwisha kulowa. Kuoga bado."

Niseme kweli, kukaa kulinishinda. Siku ya pili nilipasua kuni za boma zima. Siku ya tatu nikarekebisha mlango, nikanyoosha uzio, nikamwambia mama mwenyeji vibanda vyake angeviezeka kwa bati. Alivuta kiko, akanitazama. "Haraka zako, bwana, ungeziacha pale na viatu," akasema.

Lakini maji yale yalifanya kazi. Kila alasiri mke wangu alipotoka kuoga nilimwona amepanda kidogo, kama mti uliokuwa umelaliwa na kitu. Siku ya sita nilikaa naye kwenye mkeka nje ya kibanda chake. Mama yake alikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa matete, amelala au anajifanya amelala. Mke wangu alisimama, akanyoosha mkono, akatungua kibuyu kilichoning'inia ukingoni mwa paa. Akakishika, akakitazama, kama ameokota kitu cha mtu. Ndipo akajua alichofanya.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona."

Akakaa. Halafu akasema, "Kwa nini huniiti tena?"

"Nakuita kila siku."

"Unaniita wewe. Wewe njoo, wewe lete. Zamani uliniita mama wa nani?"

Nilijua. Tangu kaburi lile sikuwa nimelitamka jina la mtoto. Niliogopa nikilitamka nitaanguka, nami si mtu wa kuanguka mbele ya watu. Kule kwenye mkeka nililitamka. Nilimwita Mama, na jina la mtoto wetu, ambalo hapa silitaji. Aliitika. Akaniwekea kiganja juu ya goti na kukiacha pale.

"Siku ya kumi na moja," akasema, "nitapanda mbele. Na mama atapanda nyuma peke yake na matusi yake."

Kutoka ndani ya kibanda tukasikia, "Mwambie mwenye gari nimesikia."

Tulicheka wote watatu, mmoja ukutani. Mke wangu akanishika mkono. "Siku zilizobaki nakuomba kitu kimoja tu. Kaa. Usijenge kitu, usirekebishe kitu. Kaa na mimi mpaka ziishe."

Nikamwahidi. Sikutania, nilimwahidi kwa moyo wangu wote.

Siku ya saba nilikaa. Lakini siku hiyo nilikaa mahali nilipowaona wanawake wakingoja. Mimi nilikuwa nimetoka birikani, birika likafunguliwa, likamwagwa kwa ajili ya ukwe wetu, na jicho lile dogo lilikuwa linalijaza tone kwa tone. Adhuhuri ikafika halijafika magotini. Wanawake sita walikaa kwenye mawe na maumivu yao, mke wangu mmoja wao, mama yake mmoja wao, na hakuna aliyelalamika. Waliongea, walisukana. Mimi ndiye niliyekuwa nalalamika moyoni. Nikaona yote yanachelewa kwa sababu yangu. Nikautazama ule ufa. Niliujua mwamba wa namna ile kama ninavyoujua mkono wangu. Nikajiambia: nimewafungulia Wazungu miamba miaka kumi na moja, leo nishindwe kumfungulia mke wangu upana wa kiganja?

Nilimwuliza mama mwenyeji, niseme haki yake. Nilimwuliza kwa mzaha. "Hili jicho mama tukilipanua kidogo je?"

"Halipanuliwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu linatosha."

Basi nikamwona ni mwanamke wa kizamani, hajui kazi.

Siku ya nane nilioga, nikatoka, birika likamwagwa. Wanawake walikuwa bado vibandani wakila. Chini ya kiti cha lori nilikuwa na kisanduku. Kila fundi baruti wa zamani ana vipande vyake vya baruti, asikudanganye mtu. Nikachukua nusu kipande na utambi mfupi. Fundi cherehani alikuwa anajifunga kaniki yake, akaniona.

"Hiyo ni nini?"

"Dawa ya mwamba. Simama pale mlangoni, mtu asipite."

"Bwana, mimi nashona nguo. Usinishonee kesi."

"Dakika moja mzee. Utaona kazi."

"Umemwambia mwenyewe?"

Nilikisogeza kipande na utambi wake ndani ya ufa, nikauziba kwa udongo kama inavyotakiwa, nikawasha, nikaja kusimama karibu naye bila kukimbia, maana fundi wa kweli hakimbii.

Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mlango uliofungwa na upepo. Na niseme, mpaka leo, kwamba ile kazi ilikuwa safi. Jiwe lilikatika mahali hasa nilipotaka, hakuna kipande kilichoruka zaidi ya hatua tano. Maji yakatoka mazito kama paja la mtu, yakafuka, yakaingia birikani yakiunguruma. Nilicheka kwa sauti. Nikamwita mke wangu, nikamwita kwa jina lile la mama wa mtoto, mara tatu, aje aone.

Alipofika mlangoni mwa uzio maji yalikuwa yamefika nusu ya birika. Akafika na wenzake nyuma yake. Mama yake alibaki upande wa pili wa matete, kwa kuwa mimi nilikuwa ndani. Ndipo mwamba ukafanya sauti, sauti ya koo linalomeza. Maji yakapungua. Yakawa kamba. Yakawa uzi. Ufa ulikuwa umefunguka juu, na chini yake, mahali ambapo hata bwana mkubwa wa mgodi asingepaona, palikuwa pamefunguka pia, na maji yakawa yamepata njia yao ya kwenda zao.

Mama mwenyeji alikuja polepole. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, vile vile alivyokuwa akipiga akituwekea chakula, akaingiza mkono ndani ya jicho mpaka begani, akakaa hivyo akisikiliza kwa vidole. Akautoa. Ulikuwa na tope.

"Yameteremka," akasema.

"Yatarudi," nikasema. "Mama, yatarudi. Ni mchanga umeziba tu. Nitaleta bomba, nitaleta vijana wa mgodini, nitaleta saruji tuzibe huku chini."

Niliposema saruji mke wangu alijiziba masikio kwa viganja vyote viwili. Alingoja mpaka nikanyamaza kabisa, ndipo akashusha mikono.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema.

"Nilifanya kwa ajili yako. Ulikuwa unangoja sana pale kwenye mawe."

"Nilikuwa napenda kungoja," akasema. "Nilikuwa nangoja na mama. Nilikuwa siumwi."

Fundi cherehani, ambaye hakukosa neno siku zote nane, alitazama miguu yake.

Maji hayakurudi. Nilileta bomba, nilileta vijana, ndiyo, nilichimba wiki tatu baadaye na kupata tope baridi. Mama mwenyeji alihamia kwa kaka yake ziwani. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ile, alasiri, mke wangu alirudisha kaniki yake ameikunja, akatoka na mama yake, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Kutoka pale hadi kwao ni mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu.

Niliwatangulia langoni. "Pandeni basi niwapeleke. Niwapeleke kwa mama tu, sisemi Geita."

Alinipita. Mgongo wake ulikuwa bado umenyooka kwa maji ya siku saba, na sikujua utadumu mpaka wapi barabarani.

Watu walinisaidia kuwasha lori, nikawafuata. Sikuweza kuwakaribia kwa sababu ya mama mkwe, basi nilikaa nyuma yao kama hatua mia moja, gia ya kwanza, wao wakitembea mimi nikinguruma. Sikujua nafanya nini. Nilifikiri akichoka atakaa chini, na akikaa chini nitakuwa pale. Hakukaa. Walikutana na watu wa mnada na ng'ombe wao, wakasalimiana kwa utaratibu wote, mwadila, mwadila, na wale watu wakanitazama mimi na lori langu lote lisilo na abiria.

Jua lilipoanza kulala upande, njia ya kwao iliiacha barabara ikaingia katika mashamba ya mtama. Lori haliingii kule. Walisimama kwenye njia panda. Mama mkwe, bila kugeuka, alimwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie azime. Anachoma mafuta bure."

Mke wangu hakunipitishia neno lile. Alisimama tu, amenipa mgongo, amenyooka.

Sasa, lori lile kwa wakati ule lilikuwa linawashwa kwa hendeli, na injini ilikuwa imechoka. Lilitaka watu wawili, mmoja mbele kuzungusha, mwingine ndani kukanyaga mafuta kwa kipimo. Safari nzima ya kwenda, kwa kuwa utingo hakuwepo, aliyeteremka kutoka kwenye magunia na kukanyaga mafuta alikuwa mke wangu. Alijifunza mara moja tu, na mguu wake ulikuwa mzuri kuliko wa utingo yeyote niliyemwajiri. Alijua kabisa kwamba nikizima pale peke yangu siwezi kuondoka.

Nilizima.

Palikuwa kimya. Nilisikia mtama unavyosuguana. Nilishuka, nikachukua hendeli, nikaiingiza mahali pake mbele ya lori, nikasimama nayo nikimtazama mgongoni. Sikumwita. Nilifikiri mlango wa dereva niliouacha wazi ungetosha kusema.

Akaweka mzigo sawasawa kichwani. Mama yake akatangulia, naye akafuata, na mtama wa mwaka ule ulikuwa mrefu, ukawafunika upesi, mzigo wake ukionekana kidogo juu ya masuke, kisha hauonekani.

Kesho yake asubuhi walipita watu wawili wa baiskeli kutoka Kharumwa. Mmoja wao alinikanyagia mafuta.